Maandishi ya Penseli Kwenye Kitabu cha Nyuki

Mimi ni mwoga, na sioni haja ya kuficha. Naogopa radi, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa, naogopa mlango ukigongwa wakati hatutarajii mgeni. Lakini kitabu sikuwahi kukiogopa mpaka Alhamisi ile niliporudi kazini, nikavua viatu mlangoni, nikamkuta baba ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, jicho la kulia limefunikwa kwa bandeji. Juu ya mapaja yake kulikuwa na kitabu chenye jalada la manjano lililochanika kona moja.

Kitabu kile ningekitambua hata kwa kukipapasa.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu," alisema baba. "Njoo uone shangazi yako alichoniletea."

Shangazi alikuwa kwenye kochi akikunja nguo. Alikuja Jumatano, siku baba alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akasema atakaa mpaka kaka yake apone. Tangu aje, nyumba ilikuwa safi na mimi sikuwa na pa kupumulia.

"Kaka alitaka kitabu cha kufundisha kazi, hataki hadithi," alisema. "Nikaenda kwenye lile duka lenu la vitabu vya mitumba. Mwenyewe hayupo, ameenda kupokea magunia, kamwachia duka yule mzee jirani yake auzaye viatu. Naangalia bei, nusura nikirudishe rafuni. Nikamwuliza mzee, hii ni bei ya kitabu au ya nyuki wenyewe? Akacheka, akakata nusu. Nusu nzima, mwanangu. Nani anaacha kitu cha nusu bei?"

"Hakuna," nilisema.

"Kwani una nini? Uso umekubadilika."

"Njaa, shangazi."

Ngoja niwaeleze, maana bila hili hamtanielewa. Baba alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na tangu mama atutoke, kusoma ndiyo faraja yake. Macho yalipoanza ukungu nikawa mimi ndiye ninayemsomea. Mshahara wangu wa duka la miwani hauruhusu vitabu vipya, kwa hiyo kila Jumamosi nilimshika mkono tukaenda kwenye duka la vitabu vilivyotumika. Ni chumba kirefu chembamba, rafu za mbao za makasha, vitabu vya shule mlangoni, riwaya katikati, na huko nyuma kabisa mambo yasiyoulizwa na mtu: maelekezo ya mashine zilizokwisha kufa, kamusi zisizo na herufi za mwisho, na hicho cha nyuki. Bei imeandikwa kwa penseli ukurasa wa kwanza. Ukirudisha kitabu kikiwa kizima, mwenye duka anakupunguzia nusu ya bei ya kingine, kwa hiyo hata mtu wa kipato changu anaweza kusoma mwaka mzima bila kulala njaa.

Mwenye duka hilo, kwa sababu ya ile penseli isiyotoka sikioni mwake, watu wote wanamwita Penseli. Yeye ananiita Miwani. Ana sauti ya chini, na ana namna ya kukutazama halafu akainamisha macho haraka, kama mtu aliyekutwa akionja sukari jikoni. Nilimpenda kabla sijajua kama nampenda. Lakini tungezungumza vipi? Macho ya baba yalikuwa yamechoka, masikio ndiyo yalikuwa yamechukua kazi zote mbili. Baba husikia mtu akitabasamu.

Ndipo Jumamosi moja, baba akiwa anapapasa riwaya, Penseli akaniwekea mbele kile kitabu cha nyuki, kimefunguliwa. Pembeni mwa maandishi kulikuwa na mstari wa penseli. *Leo umevaa kijani. Kinakupendeza.* Nikamwomba penseli kwa ishara, nikaandika chini yake. Tukaendelea hivyo miezi tisa, wiki baada ya wiki, mkono wangu mmoja umemshika baba na mwingine unaandika. Penseli alikiwekea kitabu bei ya kutisha makusudi, ili asitokee mtu wa kukinunua. Alisahau kwamba kuna watu kama shangazi, ambao bei kubwa kwao ni mwaliko.

"Basi kaa," alisema baba. "Nisomee sura ya kwanza."

Nilikaa. Nilifungua. Mkono wa baba ulikuwa kwenye mkono wa kiti, karibu kiasi kwamba niliona mishipa yake.

"Sura ya kwanza. Maisha ndani ya mzinga," nilisoma. "Mzinga mmoja huwa na malkia mmoja tu. Malkia akipotea, nyuki wote hujua kwa muda mfupi..."

Na pembeni, mwandiko mdogo ulioinama: *Usiku nimeota umekuja peke yako. Tukakosa la kusema.* Na chini yake, mwandiko wangu mwenyewe, usio na haya: *Mimi ningekuwa nalo.*

"Umeruka mstari," alisema baba.

"Samahani. Nyuki wote hujua kwa muda mfupi, na mzinga mzima hubadilika sauti."

"Na wewe sauti yako imebadilika. Unatetemeka."

"Nimechoka, baba. Leo wateja walikuwa wengi."

"Mtoto huyu amechoka kukaa bila mume," alisema shangazi. "Yule bwana wa duka la dawa ameniuliza tena. Mtu mzima, ana adabu, ana nyumba."

"Tunasoma nyuki," alisema baba.

Nikasoma nyuki. Kila nikigeuza ukurasa nilimtazama shangazi, nikishukuru kwamba kwenye kitabu anasoma bei tu. Sura ilipokwisha baba alinyoosha mkono, nikampa, akakikumbatia kwapani.

"Imetosha. Jumamosi asubuhi wakinifungua jicho, nitaendelea mwenyewe. Nataka kitabu cha kwanza kukisoma kwa jicho langu kiwe hiki."

Akaenda nacho chumbani. Nikabaki nimekaa, nikahesabu: Ijumaa, halafu Jumamosi. Siku moja na nusu.

Nisiwafiche kilichokuwa kinanitisha. Aibu ya maneno ya mapenzi mtu anaweza kuimeza. Lakini ndani ya kitabu kile, mwezi wa nne wa kuandikiana kwetu, Penseli alikuwa amejieleza yeye ni nani. Alikuwa mwanafunzi wa baba. Baba alimfukuza shule akiwa na miaka kumi na sita, kwa kukutwa na kitabu cha maktaba nyumbani kwao, wakati wa likizo. Mama yake hakuweza kumtafutia shule nyingine. Baba hakumtambua pale dukani kwa sababu uso haukuonekana na sauti ilikuwa imeshakomaa, na mimi niliyejua nilinyamaza miezi mitano. Baba ni mtu anayesamehe mtu aliyekosea, hasamehi mtu aliyemdanganya. Na mimi duniani nina baba na nina Penseli. Nilikuwa naenda kumpoteza mmoja, kama si wote wawili.

Ijumaa mchana sikula. Niliomba ruhusa ya nusu saa, nikaenda karibu mbio. Mzee wa viatu alikuwa nje amekaa kwenye kigoda, anapiga rangi kisigino.

"Binti, afadhali umekuja," alisema. "Mwenzako huko ndani anapanga na kupangua rafu ileile tangu jana. Sijui nimemkosea nini. Nimemuuzia kitabu kilicholala miaka, hata asante sijapata."

Penseli alikuwa nyuma kabisa. Aliponiona alisimama.

"Kiko wapi?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Kwapani mwa baba."

Akakaa juu ya gunia. "Amekisoma?"

"Nimemsomea mimi. Sura ya kwanza."

"Umemsomea..."

"Nyuki, Penseli. Nimemsomea nyuki."

Siku nyingine tungecheka mpaka machozi. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Kesho asubuhi wanamfungua jicho," nilisema. "Anataka kukisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Lazima tufanye kitu."

"Swali lako la Jumamosi iliyopita nimelijibu," alisema taratibu. "Jibu liko kwenye karatasi ile nyeupe ya mwisho."

Jumamosi iliyopita nilimwuliza atakuja lini kuonana na baba. Niliuliza nikiwa jasiri, kwa sababu karatasi haina masikio.

"Umejibu nini?"

"Kwamba nitakuja kesho. Hospitali, wakati anafunguliwa."

"Hapana."

"Miwani..."

"Hapana, nisikilize. Mtu ametoka kupasuliwa jicho. Daktari amesema atulie. Halafu kitu cha kwanza kukiona ni wewe? Subiri mwezi mmoja."

"Mwezi uliopita ulisema mwezi mmoja."

"Basi miwili."

"Unajua Jumamosi zangu zikoje?" Sauti yake ilikuwa chini vilevile. "Anaingia hapa, ananishika mkono, ananiita kijana wangu. Ananiambia kijana wangu, duka lako limeniokoa. Nami najibu karibu mwalimu. Ile mara ya kwanza sikuwa mwizi, nilichukua kitabu nikasome, nirudishe shule zikifunguliwa. Sasa ndiyo najiona mwizi. Kila wiki namwibia mzee wa watu kitu, mbele yake."

Nilitazama meza yake: gundi, kitambaa cha vumbi, na kile kifutio kikubwa anachofutia majina ya wenye vitabu wa zamani. Nikakichukua.

"Cha nini hicho?"

"Nitafuta. Leo jioni, akilala."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuinamisha macho, na mimi ndiye niliyeshindwa.

"Unamwogopa baba yako, au unanionea haya mimi?"

"Namwogopa."

"Na haya?"

"Ningekuonea haya ningeandika yote yale?"

"Yale ambayo unakwenda kuyafuta."

Nje mzee wa viatu alikuwa anagonga msumari. Nilitamani Penseli anishike mkono, aninyang'anye kifutio, afanye lolote ambalo lingeniondolea kuamua. Hakusogea.

"Anza na ya kwangu," alisema. "Ya kwako niachie, tafadhali. Nitakuja kesho. Ukiwa umefuta au hujafuta, nitakuja."

Niliondoka bila kuaga, nikalia njiani, nikafika kazini nikamwambia bosi ni vumbi.

Jioni, jua likiwa bado dirishani, shangazi alikuwa uani anaanua nguo. Baba alikuwa amelala chali kitandani na kitabu kando ya ubavu wake, mkono umekiachia. Niliingia kwa ncha za vidole. Nilikivuta taratibu, kidogo kidogo, mpaka kikawa changu. Nikakaa sakafuni mgongo ukiegemea kitanda.

Nilianza na ukurasa ule wa kwanza. *Leo umevaa kijani.* Nikaweka kifutio. Nikasugua. Neno la kwanza likaondoka, la pili likafuata, na vumbi la kifutio likamwagika kwenye sketi yangu. Nilijiambia ni maneno tu. Nilijiambia mwenye maneno yupo, atasema mengine. Nikageuza ukurasa, nikasugua tena, nikawa naona vibaya kwa sababu ya machozi.

"Unafuta nini?"

Baba alikuwa hajasogea. Alikuwa vilevile, chali, uso juu.

"Sifuti kitu, baba."

"Mwanangu, nimesimamia mitihani miaka thelathini na mbili. Kifutio nakisikia hata kikiwa darasa la jirani. Unafuta nini kwenye kitabu changu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema ni uchafu, ni doa la chai, ni mtoto fulani alichora. Baba angeamini mpaka asubuhi, halafu angefumbua jicho na kuona mikwaruzo kila ukurasa, na angeelewa kwamba nilimdanganya akiwa kipofu na nikamdanganya tena akielekea kuona. Niliogopa hilo kuliko yote.

"Ni maandishi ya penseli," nilisema. "Kuna mtu ameandika humo."

"Ameandika nini? Nisomee."

Nilifungua mwisho, kwenye karatasi nyeupe. Nilikuwa sijaisoma. Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi.

"Miwani, umeniuliza nitakuja lini. Nitakuja Jumamosi, baba yako atakapofunguliwa jicho. Siku ile aliponifukuza kwa wizi wa kitabu tulikuwa watano kwenye mstari. Mimi nilikuwa wa tatu. Hakuinua uso kutoka kwenye daftari lake. Alisema, toka, anayefuata. Nimekaa na neno lile miaka kumi na sita, na nimekupenda na neno lile likiwa kifuani. Sitaki kuendelea kujificha nyuma ya macho yake mabovu. Akinikubali, anikubali ananiona. Na akinifukuza tena, safari hii anifukuze akinitazama."

Nilifunga kitabu. Nilipogeuka, shangazi alikuwa mlangoni na nguo mikononi, na kwa uso wake nilijua amesikia.

"Miwani ni nani?" aliuliza. "Ni wewe? Na huyu ni yule kijana wa duka? Kaka, umesikia? Mtoto wako anaandikiana na mwizi uliyemfukuza mwenyewe. Jumamosi zote hizo anakushika mkono kumbe anakupeleka kwa mwanamume."

"Nimesikia."

"Mimi namtafutia mtu wa maana, yeye..."

"Dada," alisema baba, "nipishe na binti yangu."

Shangazi alitoka. Nilisikia nguo zikitupwa kwenye kochi, moja moja, kwa hasira.

Baba alijiinua, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilibaki sakafuni. Nilikuwa nasubiri ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha uwanja mzima wa shule.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Miezi mitano. Nisamehe, baba."

"Hilo tutalizungumza, na hayatakuwa mazungumzo mafupi." Alipitisha ulimi kwenye midomo. "Alisema walikuwa watano?"

"Watano."

"Na yeye wa tatu."

"Ndiyo."

"Kwa kitabu."

"Cha maktaba. Alichukua akasome likizo."

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Simkumbuki."

Sikuelewa. "Baba?"

"Simkumbuki, mwanangu. Nimewafukuza wengi. Wa kuiba, wa kupigana, wa bangi. Nilikuwa na daftari na nilikuwa na haraka. Huyo wa tatu simkumbuki uso, simkumbuki jina, hata siku yenyewe siikumbuki."

Miezi mitano niliogopa kwamba baba atamkumbuka. Nililala na hofu hiyo na kuamka nayo. Haikunijia hata mara moja kwamba kuna jambo baya zaidi ya hilo. Mtu amebeba neno la baba yangu kifuani miaka kumi na sita, na baba mwenyewe alilitupa siku ileile akaenda kunywa chai.

"Atakuja kweli kesho?" aliuliza.

"Amesema atakuja. Ukisema asije, baba, hatakuja. Nitamzuia mimi."

"Nitakuwa nimemfukuza tena." Akaweka mkono kichwani pangu. "Nisomee aliyoandika. Yote, tangu mwanzo. Nisiende kumtazama mtu nisiyemjua kabisa."

"Yote?"

"Yake. Ya kwako uyaruke."

Nilimsomea mpaka mwanga ukaisha dirishani. Pale nilipokuwa nimefuta nilisema kwa kichwa, kwa sababu nilikuwa nayajua yote.

Jumamosi asubuhi tulitangulia kufika hospitali. Shangazi alikuja lakini hakusema nami. Chumba kilikuwa na kitanda, kochi dogo, benchi, na muuguzi aliyemtazama baba mara moja akamwambia mzee tulia, leo ndiyo leo. Penseli aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Sikio lake halikuwa na penseli. Bila ile penseli alionekana kijana zaidi, na mimi niliona vizuri umri aliokuwa nao kwenye ule mstari.

Sikupata nafasi ya kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia hakukumbuki, jiandae. Nikaogopa shangazi, nikaogopa muuguzi, nikaogopa uso wake mwenyewe, na muda ukapita.

"Yupo?" aliuliza baba, bandeji ikiwa imetoka na jicho bado limefumbwa.

"Yupo, baba."

"Mbele yangu?"

"Hatua mbili."

"Fumbua taratibu, mzee," alisema muuguzi.

Baba hakufumbua. Alikaa hivyo mikono magotini, kope zikicheza. Miaka yote nilidhani katika nyumba yetu mwoga ni mimi peke yangu. Shangazi aligeukia ukuta.

Akafumbua. Chozi la dawa likamtiririka shavuni. Alimtazama Penseli kuanzia viatu, akapanda taratibu, shati, shingo, akafika usoni na akabaki hapo. Penseli alisimama wima kama aliyeitwa ofisini.

"Binti yangu amenisomea uliyoandika," alisema baba. "Nimetafuta kichwani mwangu usiku kucha. Sikukumbuki, kijana. Sitakudanganya kwamba nakukumbuka."

Uso wa Penseli ulibadilika kidogo tu, mdomoni. Alikuwa amekuja na majibu ya hasira, na majibu ya matusi, na nadhani hata ya baraka. Jibu la hilo hakuwa nalo.

"Nilikuwa wa tatu," alisema.

"Najua. Sasa najua." Baba alivuta pumzi. "Mtu akikuomba radhi kwa kosa ambalo halikumbuki, unaweza kuipokea?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa baba kumkataa Penseli. Nilikuwa na maneno ya kumsihi, na pengine ujasiri wa kutoka pale pamoja naye. Kusubiri Penseli amkatae baba yangu sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Na alikuwa na haki. Kama angegeuka na kuondoka nisingeweza kumlaumu, na nisingeweza kumfuata.

"Sijui, mwalimu," alisema mwishowe.

"Hujui."

"Sijui. Sikuja na jibu la swali hilo."

Muuguzi aliacha kukunja bandeji. Baba aliitikia kwa kichwa, polepole, kisha akashuka kitandani kwa tahadhari, akapapasa benchi kwa mkono ingawa sasa alikuwa akiliona, akakaa, akasogea mpaka mwisho.

"Basi kaa ulitafute," alisema. "Mimi sina haraka leo."

Penseli alinitazama. Sikujua niyafanye nini macho yangu, kwa hiyo nikamrudishia. Nilisubiri ageuke mlangoni. Nilihesabu hatua zake, moja, ya pili, nikaziba mdomo kwa mkono. Akakaa. Hakukaa upande niliokuwa nimesimama mimi. Alikaa kando ya baba, na kati yao akaacha nafasi ya mtu mmoja.